Mfungwa ni wa Nani?

Desemba 1896, mkesha wa Krismasi, afisa wa Kijerumani Tom von Prince alimsimika Mpangile kuwa mtawala wa Wahehe. Mpangile alikuwa ndugu yake Mkwawa, na Mkwawa mwenyewe alikuwa bado porini akiwasumbua Wajerumani miaka miwili baada ya ngome yake ya Kalenga kuangushwa. Prince alitarajia kwamba Wahehe wakipata mtawala wa ukoo uleule wangetulia. Hawakutulia. Februari 21, 1897, kabla hata miezi miwili haijatimia, Mpangile aliuawa kwa amri ya Prince huyohuyo aliyemsimika, akituhumiwa kumsaidia kaka yake kwa siri. Mshitaki, hakimu na mkuu wa kikosi walikuwa upande mmoja wa meza. Mtuhumiwa hakuwa na wakili wala mahali pa kukata rufaa, na hakuna aliyekuwa na cheo cha kuuliza ushahidi ulikuwa wa namna gani.

Mwaka huohuo wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walijenga misheni Tosamaganga, juu ya kilima kisicho mbali na Kalenga, magharibi mwa boma jipya la Iringa. Walikuja nyuma ya jeshi, wakaishi chini ya ulinzi wake. Anayetaka kuelewa jinsi viongozi wa dini wa Nyanda za Juu Kusini walivyofika mahali pa kudai kesi za haki kwa wapinzani wa serikali lazima aanzie hapo, kwa sababu safari yenyewe ilianza upande wa mwenye kamba.

Si kwamba wakati ule dunia ilikuwa haijui kuona haya. Machi 1896, August Bebel alisimama katika bunge la Berlin akaeleza jinsi afisa wa koloni Carl Peters alivyowanyonga kijana mmoja na msichana mmoja huko Kilimanjaro mwaka 1891 na mwanzoni mwa 1892 kwa sababu zake binafsi. Kelele zilikuwa kubwa, na Peters akafukuzwa kazi kwa hukumu ya nidhamu mwaka 1897. Kwa hiyo miezi ileile ambayo Berlin ilikuwa ikimhukumu Mjerumani mmoja kwa kunyonga bila haki, Iringa ilikuwa ikimzika Mpangile. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro ilipata mbunge wa kuisemea, Uhehe haikupata.

Miaka 8 baadaye kusini yote iliwaka. Katika Vita vya Maji Maji, Agosti 14, 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa Mikukuyumbu pamoja na mabruda wawili na masista wawili waliokuwa naye. Wabenediktini walikuwa wafiwa, na mfiwa hatarajiwi kuwa mtetezi wa mtu anayemshuku kuwa muuaji. Februari 27, 1906, Wajerumani walinyonga kwa mkupuo viongozi na wapiganaji wa Wangoni mjini Songea, na Nduna Songea Mbano akafuata siku chache baadaye. Padre Johannes Häfliger aliingia gerezani kabla ya kunyongwa kwao na kuwabatiza wengi wa waliohukumiwa, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama.

Hapa msomaji asiharakishe kumhukumu padre, wala asiharakishe kumsifu. Aliwaendea watu ambao hakuna mwingine aliyethubutu kuwaendea, akawapa kile ambacho imani yake ilimwambia ni kikubwa kuliko vyote. Lakini aliwapa maji ya ubatizo, hakuwapa wakili. Mahakama ya kijeshi iliyokuwa imetoa hukumu ile haikuguswa. Kwa muda mrefu uhusiano wa Kanisa na mfungwa wa kisiasa katika ukanda huu ulikuwa wa namna hiyo: kumwandaa mtu kwa ahera na kumwachia mtawala mambo ya dunia. Mabadiliko kidogo katika utawala wa Kijerumani yalitoka kwingine, Berlin, ambako Matthias Erzberger wa chama cha Wakatoliki alikuwa akiichokonoa serikali kuhusu maovu ya makoloni mpaka bunge likavunjwa Desemba 1906.

Kisha zamu ikageuka. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, wamisionari Wajerumani walijikuta wafungwa wa Waingereza, na ilipofika 1920 walikuwa wameshaondolewa nchini. Tosamaganga ilichukuliwa na Waitalia wa Shirika la Consolata, walioingia Iringa kutoka Kenya mwaka 1919. Mwaka 1922 Iringa ikawa eneo la kikanisa linalojitegemea, makao yake yakiwa palepale kilimani. Wakajenga kanisa kubwa, shule, hospitali na nyumba ya watawa, majengo ya matofali ambayo mpaka leo yanamfanya mgeni adhani amepotea njia akatokea Italia ya kaskazini.

Juni 10, 1940, Italia ikaingia vitani upande wa Hitler, na Waitalia hao nao wakawa raia wa nchi adui. Wenzao wa Kenya walisafirishwa mpaka kambi ya Koffiefontein, Afrika Kusini. Wajerumani wa Misheni ya Berlin walikamatwa, na Wasweden wakaja kuziangalia sharika zao. Kidugala, kituo cha Kilutheri karibu na Njombe, na Ifunda, kusini-magharibi mwa Iringa, vikageuzwa kambi za wakimbizi wa Kipolandi waliokuwa wamepelekwa Siberia na Stalin. Kwa miaka michache ukanda huu mdogo ukawa umejaa watu waliofungiwa au waliohamishwa kwa sababu ya pasipoti zao tu. Padre wa Kiitalia aliyeishi wakati huo alijua jinsi inavyokuwa kuwekwa chini ya ulinzi bila kosa. Ujuzi huo haukugeuka kuwa tamko lolote la hadharani.

Uhuru ulikuja 1961, na mwaka 1962 ikaja Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Rais aliweza kumfungia mtu bila mashtaka, bila muda maalumu, na mahakama haikuwa na la kusema. Hoja ya wakati ule ilijulikana: nchi changa, adui wengi, ukombozi wa kusini mwa Afrika haujakamilika. Maaskofu wengi waliipokea. Nyerere alikuwa muumini wao, tena muumini wa kila siku, na shule zao zilipotaifishwa walinung'unika kidogo kisha wakaendelea na kazi.

Hata hivyo katika miaka hiyohiyo Iringa ilishuhudia kesi ambayo ingeweza kabisa kufanywa usiku ikaisha usiku. Sikukuu ya Krismasi 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alikwenda Isimani kwenye shamba la Saidi Mwamwindi, mkulima mkubwa aliyekuwa akipinga ardhi yake kuingizwa katika ujamaa. Maneno yakazidi, Mwamwindi akachukua bunduki, akampiga risasi mkuu wa mkoa. Kisha akaupakia mwili katika gari la marehemu mwenyewe, akaupeleka polisi Iringa. Nchi nzima ilitikisika. Kiongozi wa serikali ameuawa na yule ambaye lugha ya siku hizo ilimwita kabaila, sheria ya kizuizini ipo, hasira zipo. Lakini Mwamwindi alifikishwa Mahakama Kuu, Iringa, mbele ya Jaji Onyiuke kutoka Nigeria. Alikuwa na wakili. Utetezi wake ulisikilizwa, ikiwamo hoja kwamba alighadhibishwa hadi akili zikamtoka, na hukumu yake ikaingia katika vitabu ambavyo wanafunzi wa sheria wanavisoma mpaka leo. Alihukumiwa kifo. Mtu anaweza kuichukia hukumu ile, na Isimani wapo wanaoichukia bado, lakini hawezi kusema haikutolewa mchana. Sauti ya dini haikuhitajika pale, kwa kuwa taasisi ilifanya kazi yake.

Pale taasisi iliposhindwa, sauti ya dini ilikuwa wapi? Mfano unaouma zaidi hauhusu Mtanzania hata mmoja.

Mwaka 1976 chama cha ukombozi cha Namibia, SWAPO, kiligawanyika uhamishoni Zambia. Andreas Shipanga na wenzake, waliodai mkutano mkuu na hesabu za fedha, walikamatwa na serikali ya Zambia kwa ombi la uongozi wa chama. Ndugu zao walipofungua shauri mahakamani Zambia kutaka wafikishwe mbele ya jaji, Shipanga na wengine 10 walipandishwa ndege Julai mwaka huo, wakaletwa Tanzania. Sababu haikufichika sana: hapa sheria ya 1962 ilimzuia jaji kuuliza. Walikaa katika magereza ya Tanzania mpaka Mei 1978, bila kushtakiwa kosa lolote.

Mtu mmoja wa dini alipiga kelele. Salatiel Ailonga, mchungaji wa Kilutheri aliyekuwa akiwahudumia Wanamibia walioko Zambia, aliwaandikia viongozi wa makanisa kuwaeleza kwamba waumini wao wamefungwa na wenzao na hakuna anayewauliza. Barua zake hazikupata wa kuzibeba. Yeye mwenyewe alilazimika kuondoka Zambia akaenda kuishi Finland, nchi ya mkewe.

Sasa angalia kilichofuata. Juni 1977, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake wa sita Dar es Salaam, wa kwanza barani Afrika. Ulikuwa mkutano mkubwa kweli. Walutheri walitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe, si la siasa tu, na wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wajumbe walizungumza juu ya magereza ya makaburu. Na wakati wanazungumza, Wanamibia 11 walikuwa ndani ya magereza ya nchi iliyowakaribisha. Iringa ya siku hizo ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru Mgagao, kwenye vilima vya Kilolo, na kila mtu aliona fahari kuwa jirani wa ukombozi. Kumuuliza mkombozi habari za mfungwa wake kulionekana kama kumsaidia adui. Mchungaji wa Kijerumani Siegfried Groth alikuja kuandika kitabu kizima juu ya ukimya huo wa makanisa, lakini kilitoka 1995, Namibia ikiwa imeshapata uhuru miaka 5.

Mlango ulifunguliwa na wanasheria. Marekebisho ya Katiba ya 1984 yaliingiza Haki za Binadamu, na kuanzia 1988 raia aliweza kuzidai mahakamani. Jaji James Mwalusanya, akiwa Mwanza, alizichukua kwa mikono miwili. Katika shauri la Daudi Pete alisema kifungu kinachomnyima mshtakiwa dhamana moja kwa moja ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na matokeo hayo mwaka 1991. Mwaka huo Tume ya Nyalali ikatoa orodha ya sheria 40 kandamizi, ya kizuizini ikiwamo. Kwa maneno mengine, makanisa na misikiti vilipoanza kusema kwa sauti, lugha ya kusemea ilikuwa imeshatengenezwa na watu wa majoho meusi.

Na sauti hiyo, upande wa Wakatoliki, ilitoka kwa kiasi kikubwa katika nyanda hizi. Kuanzia 2012 mpaka 2018 rais wa Baraza la Maaskofu, TEC, alikuwa Tarcisius Ngalalekumtwa, askofu wa Iringa, yaani mrithi wa kiti kilichozaliwa Tosamaganga. Aliyempokea ni Gervas Nyaisonga, wakati huo askofu wa Mpanda, ambaye kabla mwaka haujaisha aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Mbeya, na alikaa katika nafasi hiyo ya TEC mpaka 2024. Miaka 12 mfululizo, iliyobeba utawala wote wa Magufuli, baraza liliongozwa na watu hao wawili.

Mwaka 2018 unastahili kusimuliwa polepole. Februari, maaskofu walitoa ujumbe wa Kwaresima ambao pamoja na kufunga na kusali ulisema wazi kwamba mikutano ya hadhara na maandamano vinazuiwa kwa nguvu za dola kinyume cha Katiba. Mwezi huohuo, Februari 26, mahakama ya Mbeya ilimfunga mbunge wa jiji hilo, Joseph Mbilinyi, yule Sugu wa muziki, miezi 5 pamoja na mwenzake wa chama Emmanuel Masonga kwa maneno ya jukwaani dhidi ya Rais. Machi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Abdul Nondo, alipotea Dar akaonekana Mafinga akisema ametekwa. Badala ya watekaji kutafutwa, yeye ndiye aliyepandishwa kizimbani Iringa kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo. Mwisho wa mwezi maaskofu wa KKKT, yaani Walutheri, nao wakatoa waraka wao wa Pasaka, wakataja utekaji na vitisho na kukumbusha suala la Katiba mpya. Serikali haikupenda. Ofisi ya msajili wa jumuiya za kijamii iliwaandikia barua kuwataka waufute, ikawapa siku 10. Barua ilipovuja, waziri aliikana na mtumishi mmoja akasimamishwa kazi.

Novemba 5 hakimu wa Iringa alimwachia huru Nondo. Mashtaka hayakuthibitishwa. Ni vema kusema kwamba kazi ya kuta nne za mahakama ile ilifanywa na mawakili wa mashirika ya haki za binadamu, si na maaskofu. Waraka hauhoji shahidi. Lakini ulikuwa umefanya jambo jingine: ulimwezesha mama wa Kihesa au mzee wa Ipamba kusikia kanisani Jumapili kwamba kumuulizia mfungwa si uchochezi.

Hapa pia ndipo penye doa, na kulifunika kusingewasaidia wahusika. Wakati nyaraka hizo zinasomwa, masheikh wa Jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, wakiwamo Farid Hadi na Mselem Ali Mselem, walikuwa katika mahabusu za Dar es Salaam wakikabiliwa na mashtaka ya ugaidi waliyosomewa tangu 2014. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena, na jibu likawa lilelile ambalo kila ndugu wa mahabusu Tanzania analijua kwa moyo: upelelezi haujakamilika. Ugaidi hauna dhamana, na Agosti 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba orodha ya makosa yasiyo na dhamana ni halali. Waliowapigania masheikh hao mwaka baada ya mwaka miongoni mwa taasisi za dini walikuwa Waislamu wenyewe, hasa Shura ya Maimamu. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka aliifuta kesi, nao wakarudi Zanzibar bila ushahidi wowote kusikilizwa. Mtu akipima ujazo wa sauti za makanisa kwa wafungwa hawa na kwa wale wa chama cha upinzani bara, mizani hailingani. Misikiti nayo haikuhangaika sana na Sugu. Kila nyumba ya ibada ilikuwa ikihesabu wafungwa wake.

Kuta kati ya nyumba hizo zilianza kupata nyufa katika kesi ya Freeman Mbowe. Mwenyekiti wa CHADEMA alikamatwa Mwanza Julai 2021, saa chache kabla ya kongamano la Katiba, akashtakiwa kwa ugaidi, kosa lilelile lisilo na dhamana. Safari hii wachungaji, maaskofu na masheikh walionekana wakisema jambo moja, na wengine walikwenda kukaa kwenye benchi za mahakama. Askofu Emmaus Mwamakula wa Kanisa la Uamsho la Moravian, ambaye mapema mwaka huo alikuwa ameshikiliwa na polisi yeye mwenyewe kwa kutangaza matembezi ya kudai Katiba, alikuwa miongoni mwa sauti hizo. Machi 4, 2022, mashtaka yalifutwa, na jioni ileile Mbowe akaingia Ikulu kukutana na Rais Samia.

Agosti 2023 uwanja ukahamia Mbeya moja kwa moja. Mahakama Kuu hapo ilisikiliza shauri la wananchi waliopinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, na Agosti 10 ikalitupa. Wakili wao, Boniface Mwabukusi, alikamatwa siku mbili baadaye pamoja na mwanaharakati Mdude Nyagali, wakarejeshwa Mbeya, naye Dk. Willibrod Slaa, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa TEC enzi za upadre wake, akakamatwa Dar es Salaam. Uhaini ukatajwa. Siku hizohizo, TEC ikiongozwa na askofu mkuu wa jiji hilohilo la Mbeya ilitoa tamko la kupinga mkataba, likasomwa makanisani Jumapili ya Agosti 20. Tamko lilihusu bandari. Hata hivyo baada ya maaskofu wote kusema hadharani kile walichosema waliokamatwa, ikawa vigumu kwa yeyote kueleza kwa nini wale watatu ni wahaini. Waliachiwa kwa dhamana, na kesi ya uhaini haikufunguliwa. Mwaka uliofuata mawakili walimchagua Mwabukusi kuwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika.

Mdude hakuwa na bahati hiyo. Aliwahi kusota rumande Mbeya kwa kesi ya dawa za kulevya mpaka mahakama ilipomwachia Juni 2021. Usiku wa kuamkia Mei 2, 2025, watu walivunja mlango wa nyumba yake mjini Mbeya, wakampiga, wakaondoka naye. Mkewe alikwenda Mahakama Kuu kuomba polisi waamriwe kumleta mbele ya jaji, lakini ombi halikufanikiwa.

Usiku mmoja tu kabla, Aprili 30, Padre Charles Kitima, katibu mkuu wa TEC, alikuwa amepigwa kichwani ndani ya makao ya maaskofu Kurasini. Wiki tatu nyuma mwenyekiti mpya wa CHADEMA, Tundu Lissu, alikuwa amekamatwa Mbinga, mwendo wa saa chache kutoka Songea ile ya 1906, na kushtakiwa kwa uhaini. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29 na damu iliyomwagika, mamia ya vijana walisomewa shtaka hilohilo la uhaini. Novemba maaskofu Wakatoliki walilaani mauaji na kudai uchunguzi huru. Rais naye, akihutubia Bunge Novemba 14, aliiomba ofisi ya mashtaka iwaangalie kwa huruma vijana waliofuata mkumbo, na wengi wakaanza kuachiwa katika mikoa mbalimbali. Kesi ya Lissu ikabaki mahakamani.

Orodha za majina ya vijana walioachiwa zilichanganya Wakristo na Waislamu bila mpangilio, kama jinsi walivyokamatwa.